Kimshale Kilichomponza Babu

Kila siku akitoka shule, msichana huyu alipitia kwanza kwenye kibanda cha babu yake ndipo aende nyumbani. Nyumbani walimwita Chapuchapu, na hawakumsingizia. Alikula chapuchapu, alioga chapuchapu, alifanya hesabu chapuchapu na kuzikosa chapuchapu. Mwalimu wake alikuwa amechoka kumwandikia "Soma swali kwanza" kwa kalamu nyekundu.

Babu yake alikuwa fundi saa. Kibanda chenyewe kilikuwa kidogo, wakiingia wawili wa tatu anasubiri nje, lakini kila kitu kilikuwa mahali pake: bisibisi nyembamba ndani ya kopo, vibano juu ya kipande cha mpira, na saa za wateja ukutani, kila moja ikigonga kwa mwendo wake. Watu walimletea saa zilizowashinda mafundi wengine. Tena walimwamini. Babu hakuwa na tabia ya kumbadilishia mteja kifaa kizima akamwekea kibovu. Na akitoa kifaa kilichoharibika, alikifunga kwenye karatasi akamrudishia mwenyewe pamoja na saa yake, ili akione kwa macho yake.

Siku hizi kazi hiyo ilikuwa mashakani. Macho ya Babu yalikuwa yameingia ukungu. Daktari alisema ni mtoto wa jicho, tena macho yote mawili, na kwamba dawa ya matone haitasaidia. Dawa yake ni upasuaji. Babu aliweza kuona mwanga, aliweza kuona kwamba kuna mtu amesimama mlangoni, lakini skrubu ya saa ya mkononi hakuiona kabisa. Ndiyo maana Chapuchapu alipitia pale kila siku, kumwokotea skrubu.

"Iko wapi?" Babu aliuliza siku hiyo, akipapasa meza.

"Iko karibu na kidole chako, Babu."

"Kidole kipi? Ninavyo kumi."

"Hicho unachokitikisa."

"Haya, Bi Chapuchapu, ichukue taratibu. Ikiruka, wewe ndiye utakayemweleza mwenye saa."

Walicheka, ila kicheko cha Babu hakikudumu. Asubuhi hiyo mteja wake wa siku nyingi alikuja kuichukua saa yake bila kutengenezwa. Alisema kwa upole kwamba angeirudisha mzee akishapona. Upole ule ulimuuma Babu kuliko matusi.

Basi habari ilipofika kwamba madaktari bingwa wa macho wangekuja hospitali kuu kwa wiki moja, na kwamba wangepasua watu bure, nyumba nzima ilifurahi. Kulikuwa na sharti moja tu. Kila mgonjwa alitakiwa kujiandikisha kwenye tovuti ya hospitali kabla ya Ijumaa. Kwenye dirisha la hospitali hawaandikishi mtu. Hebu fikirieni jambo hilo! Watu walioitwa ni wale wasioona vizuri, halafu wao ndio wakaambiwa wasome herufi ndogo kama chawa kwenye simu. Aliyewaza mpango huo bila shaka macho yake yalikuwa mazima.

Mama, aliyefanya kazi ya zamu katika kiwanda cha magodoro, alimwachia Chapuchapu simu yake. "Mjazie babu yako ile fomu," alisema. "Lakini nakuomba, mwanangu, taratibu. Soma kila kitu."

"Ndiyo, Mama," alijibu Chapuchapu, na tayari simu ilikuwa mkononi mwake.

Aliijaza fomu palepale kibandani. Jina, umri, namba ya simu. Kisha akaulizwa ni jicho lipi lipasuliwe kwanza. "La kulia," Babu alisema. "Hilo ndilo ninalolitumia kwenye lenzi." Chapuchapu akachagua, akabonyeza "Tuma." Ukatokea ukurasa mwingine wenye neno "Asante," namba ya maombi, na maelezo marefu chini yake. Maelezo hakuyasoma. Namba hakuitazama. Alikuwa amepatwa na wasiwasi wa ghafla: hivi amechagua kulia au kushoto?

Pembeni mwa skrini kulikuwa na kile kimshale cha kurudi nyuma. Akakibonyeza ili ahakikishe. Fomu haikurudi. Skrini iligeuka nyeupe ikaandika: "Ukurasa huu umepitwa na muda. Ili kuuona, taarifa zako lazima zitumwe tena." Chini yake palikuwa na vitufe viwili, "Ghairi" na "Tuma tena."

Chapuchapu akabonyeza "Tuma tena." Akaletewa "Asante" nyingine. Akabonyeza kimshale. Ukurasa mweupe. Tuma tena. Asante. "Simu gani hii!" alifoka. Mwishowe aliifunga tovuti yote, akaifungua upya, akajaza fomu nyingine kuanzia mwanzo, safari hii akihakikisha kabisa kwamba ni jicho la kulia. Akatuma.

"Tayari, Babu!"

"Umesoma walichojibu?"

"Wamesema asante."

Laiti angetazama! Kila "Asante" ilikuja na namba yake mpya. Namba ya kwanza haikufanana na ya pili, wala ya pili na ya tatu. Kila alipobonyeza, Babu alikuwa akiandikishwa upya, na ule ukurasa mweupe haukuwa na adabu ya kumwambia, "Fomu yako tumeshaipata, tulia."

Ijumaa jioni simu ya Mama ililia. Ulikuwa ujumbe kutoka hospitali. Mama alianza kuusoma kwa furaha, kisha sauti yake ikabadilika. "Maombi yako yamefutwa. Sababu: udanganyifu. Umejaribu kuchukua zaidi ya nafasi moja."

Babu alikuwa ameketi kwenye kiti chake. Akauliza, "Hebu rudia. Sababu ni nini?"

"Udanganyifu," Mama alisema kwa sauti ndogo.

"Mimi?"

"Hawana haya!" Mama alilipuka. "Mzee mzima, mtu wa heshima zake, anaandikiwa upuuzi huu na watu wasiomjua hata kwa sura! Wamemwona wapi akidanganya?"

Chapuchapu naye damu ilimchemka. Babu yake, mtu anayerudisha hata skrubu iliyokatika, aitwe mdanganyifu! Alifungua kinywa kuwalaani watu wa hospitali, na hapo hapo maneno ya ujumbe yakamrudia. Zaidi ya nafasi moja. Alikumbuka kimshale. Alikumbuka "Tuma tena." Mama na Babu walikuwa wakimtazama, na yeye akasema lililokuja haraka zaidi.

"Ni mtandao wao mbovu."

"Bila shaka!" alisema Mama. "Kesho mimi nina zamu, lakini wewe huna shule. Utamshika babu yako mkono mwende mkawaambie hivyo hivyo."

Asubuhi walifika hospitali. Ukumbi ulikuwa mrefu, kuta zimepakwa rangi ya buluu hadi usawa wa bega, na mabenchi ya chuma yalikuwa yamejaa watu waliofungwa vitambaa machoni au kushikwa mikono na watoto wao. Mwisho wa ukumbi palikuwa na dirisha la kioo lenye tundu dogo, na tundu lenyewe lilikuwa chini mno, hivi kwamba kila aliyetaka kusema alilazimika kuinama. Wazee wa watu wakawa wanainamia kijana wa miaka ishirini na kitu, aliyechomeka spika ndogo kwenye sikio moja.

"Shikamoo, kaka," alisema Chapuchapu.

"Marahaba. Jina la mgonjwa?"

Akatajiwa. Karani akabonyezabonyeza kompyuta yake bila kuinua uso. "Huyu amefutwa."

"Ndiyo maana tumekuja," alisema Babu. "Tunaomba kujua kwa nini."

"Mzee, kompyuta imeshasema. Umejiandikisha mara nne. Mara jicho la kushoto, mara la kulia. Ni nyinyi mnaojaza nafasi nyingi halafu mnakwenda kuwauzia wenzenu. Tumewashtukia." Aliyasema hayo kwa sauti ambayo ukumbi mzima uliisikia. Vichwa vikageuka.

"Kijana," Babu alisema, "hapa nilipo hata sura yako siioni. Hiyo biashara ya nafasi ningeifanyaje?"

"Hilo unalijua mwenyewe."

Chapuchapu akashindwa kujizuia. "Babu yangu hajawahi kumdanganya mtu! Mtandao wenu ndio mbovu!"

"Mtandao haujazi fomu, binti. Anayejaza ni mtu. Kama una ushahidi, ulete. Kama huna, mpishe mwenzako. Anayefuata!"

Nyuma yao mtu mmoja alinong'ona, "Wezi wa nafasi hao," na hakunong'ona kwa siri sana. Kwenye benchi la karibu alikaa mwashi mmoja, mtu wa miraba minne, viatu vyake vimeganda saruji. Alitikisa kichwa. "Msihangaike," aliwaambia. "Mama yangu naye wamemfuta jana kwa neno hilo hilo. Nimekaa hapa tangu wafungue mlango, sijui nirudi nyumbani nikamwambie nini."

Babu alimshika Chapuchapu bega. "Twende nyumbani, mjukuu wangu. Haya macho nimeanza kuyazoea. Hilo neno ndilo siwezi kulizoea, na sitaki nisimame hapa niendelee kuitwa hivyo."

Wakaanza kuondoka. Babu, aliyezoea kutembea amenyooka, sasa alitembea ameinamisha kichwa kama mtu aliyekamatwa. Chapuchapu alimtazama, na hasira yote aliyokuwa nayo kwa karani ikamgeukia mwenyewe. Yule mzee alikuwa anabeba kosa lisilo lake, na mwenye kosa ndiye aliyemshika mkono. Akasimama.

"Babu, nisubiri hapa."

Alirudi dirishani, akampita mtu aliyekuwa mbele. "Samahani. Kaka, nimekuongopea. Si mtandao, ni mimi. Mimi ndiye niliyejaza fomu. Nilipotuma, nilibonyeza kimshale cha kurudi nyuma nione kama nimekosea jicho. Ukaja ukurasa mweupe ukaniambia taarifa zitumwe tena. Nikabonyeza 'Tuma tena.' Nikarudia. Halafu nikajaza fomu nyingine. Babu hakujua lolote."

Karani akacheka. Ndiyo, alicheka! "Umesikia, mzee?" alipaza sauti. "Mdanganyifu ni mjukuu wako."

Machozi ya hasira yalimjaa Chapuchapu. Amesema kweli, na bado anachekwa. Lakini nyuma ya karani alikuwa anapita muuguzi mkuu, mama mfupi mnene aliyekumbatia mafaili, na maneno ya mtoto yalikuwa yamemsimamisha.

"Hebu rudia, binti," alisema. "Ulibonyeza wapi?"

"Kile kimshale cha kurudi nyuma, Sista. Nilipokuwa nimeshatuma."

"Kikakuletea nini?"

"Ukurasa mweupe wenye vitufe viwili."

Muuguzi mkuu aliweka mafaili yake mezani. "Nipishe hapo," alimwambia karani, akaketi kwenye kompyuta. Akaifungua ile fomu, ambayo tovuti ilikuwa haijaiondoa, akaandika jina lake mwenyewe, akatuma. Akabonyeza kimshale. Skrini ikawa nyeupe. Akabonyeza "Tuma tena." Akarudia. Kisha akageuza kiti.

"Angalia kwenye orodha yako. Mimi nimejiandikisha mara ngapi?"

Karani alitazama, akakohoa. "Mara tatu, Sista."

"Mara tatu! Na sijamaliza hata kunywa chai. Macho yangu mazima, kompyuta ninaitumia kila siku. Haya, niite mdanganyifu. Niite kwa sauti ileile, ukumbi usikie."

Karani aliitoa ile spika ndogo ya sikioni akaitia mfukoni.

Yule mwashi alikuwa ameshasimama na kufika dirishani. "Kimshale!" alisema. "Sista, hata mimi nilikibonyeza hicho! Nilidhani sijatuma, nikarudi nyuma. Ukaja huo ukurasa mweupe, nikasema labda fomu ya mama imepotea, nikatuma tena."

"Na sisi pia," alisema mwanamke mmoja kutoka mabenchi ya nyuma, na mwingine akaitikia. Wale waliokuwa wakinong'ona kuhusu wezi wa nafasi walianza kutazama sakafu.

Muuguzi mkuu alimpigia simu fundi aliyeitengeneza ile tovuti, akaiweka simu kwenye sauti kubwa. Fundi alisikiliza, kisha akasema bila wasiwasi, "Lakini Sista, watu hawatakiwi kubonyeza kurudi nyuma wakishatuma."

"Umewaambia wapi?"

Fundi akaanza kueleza jinsi tovuti inavyofanya kazi.

"Nakuuliza, umeandika wapi kwamba wasibonyeze? Nimetafuta hapa sioni. Mtu akileta fomu ileile mara ya pili, kompyuta ilitakiwa imwambie kwamba inayo tayari. Hii yako inamwambia asante. Inampa asante tatu, nne, halafu kesho yake inamwita mwizi! Na sisi hapa tukaamini, hatukumuuliza mtu hata mmoja." Hapo alimkazia macho karani. "Ukurasa huo urekebishwe leo. Na ujumbe wa kuomba radhi uende kwa kila aliyefutwa."

Kisha akawafuata madaktari ofisini kwao. Hakukaa huko muda mrefu. Aliporudi, alisema madaktari wamekubali kumpokea kila aliyeondolewa kimakosa, hata ikibidi wafanye kazi hadi jioni.

"Haya, mzee," karani alimwambia Babu haraka haraka, "umerudishwa. Uje Jumatatu asubuhi, jicho la kulia."

Babu hakusogea. "Nashukuru. Na lile neno?"

"Neno gani, mzee?"

"Uliloniita mbele ya watu. Ulilisema kwa sauti, basi na kulifuta ulifute kwa sauti."

Karani akamtazama muuguzi mkuu kana kwamba anaomba msaada. Muuguzi mkuu alikunja mikono. "Tena toka nje ukaseme," alisema. "Hapo dirishani hatukuoni vizuri."

Ikambidi atoke. Bila kile kioo mbele yake alionekana kijana mdogo tu, na masikio yake yalikuwa yamemwiva kwa aibu. "Jamani," alisema, "mzee huyu hakudanganya. Mama yake huyu bwana pia hakudanganya. Mimi ndiye niliyewakosea. Mniwie radhi."

"Nimekusamehe," alisema Babu, na safari hii alitoka ukumbini amenyooka. Mwashi alikuwa tayari anazungumza na mama yake kwa simu, akipiga kelele kwa furaha hadi akaombwa apunguze sauti.

Njiani Chapuchapu alisubiri agombezwe. Babu hakumgombeza hadi walipofika nyumbani, na hapo walisaidiana yeye na Mama, tena bila huruma. Alistahili, na alijua anastahili.

Ule ujumbe wa hospitali wa kuomba radhi ulifika jioni hiyo. Mama alitaka kuusoma, lakini Babu alimzuia. "Lile neno baya nilisomewa," alisema. "Hili nitalisoma mwenyewe."

Jumatatu alipasuliwa. Siku iliyofuata kitambaa kilipotolewa, alikaa kwanza kitandani akipepesa jicho, akiutazama mkono wake mbele na nyuma. Kisha akamtazama Chapuchapu muda mrefu. "Kumbe umekua hivi," alisema. "Haya, nipe hiyo simu."

Akaishika mbali kidogo na uso, akasoma kwa sauti, neno baada ya neno: "Tunakuomba radhi. Hukufanya udanganyifu wowote. Kosa lilikuwa kwenye tovuti yetu." Aliyasoma maneno hayo, akayarudia tena. Mama alijifuta macho kwa upande wa khanga.

"Sikiliza, mjukuu wangu," alisema Babu. "Hasira uliyokuwa nayo pale hospitali ilikuwa halali. Mtu akiitwa jina lisilo lake asikubali. Lakini hasira peke yake haikutusaidia. Ulipopiga kelele kwamba mtandao ni mbovu, yule kijana alisema 'anayefuata,' na tungerudi nyumbani na aibu yetu. Tulisaidika uliposema ulichokifanya, jinsi ulivyokifanya, hata kama kilikuaibisha. Sista alipata pa kuanzia. Ungeendelea kuficha, mimi ningebaki mdanganyifu, na mama wa yule mwashi naye, na wale wengine wote ambao hata hatuwajui. Ukikosea, sema mapema, tena useme lilivyo. Kosa linalojulikana lilipo ndilo linalotengenezeka."

"Ndiyo, Babu. Nisamehe."

"Nilishakusamehe tangu uliporudi dirishani." Akamrudishia simu. "Sasa na wewe usome huo ujumbe. Wote. Taratibu."

Chapuchapu aliusoma kuanzia neno la kwanza hadi la mwisho, pamoja na zile herufi ndogo za chini, na hakuruka hata moja.